Kuandika Watu

Tulikuwa kumi na tisa, ikatakiwa thelathini
ndipo ushirika wetu wa mwani upewe cheti.
Ofisini Wete wanaita kusajili,
neno la Kiarabu lenye tai shingoni.
Sisi tulisema tu: chukua daftari, kaandike watu.

Nikadhani ni neno jepesi.
Siku nne za maji mafu niliizunguka Maziwang'ombe,
kalamu sikioni, mlango kwa mlango,
na kila mlango ulikuwa na kuandika kwake.

Kwa Mwanakhamis Shehe mkeka umeshatandikwa.
"Ngoja kwanza niandike," akasema,
akapanga muhogo, bakuli la mchuzi wa pweza,
kikombe cha maji mkono wa kulia wa mlaji.
Tulipokwisha kula, akaandua.
Hiyo ndiyo kuandika aliyonifunza mama
kabla sijaijua alifu:
kumwekea mtu kitu mbele yake, ashibe.

Kwa Msellem, mwunga mifupa, mtoto ameteguka kifundo.
"Namwandika dawa, we subiri."
Majani yaliyopondwa, kitambaa, kidole kikiutafuta uvimbe
polepole, kama kinachosoma.

Lakini kwa Bi Time binti Haji neno liligeuka uso.
"Baba yangu aliandikwa," akaniambia.
"Bandarini, na mtu mwenye meza na kofia.
Akapewa namba, viatu visivyomtosha,
na jina jipya: kuruta.
Kuruta simama. Kuruta lala. Kuruta jina lako nani?
Na akilitaja, wanacheka.
Alirudi kutoka Bama na sikio moja.
Daftari lile lilimwandika, mwanangu. Halikumwandua."
Akaufunga mlango kwa adabu, taratibu.
Bora angeubamiza.

Usiku nikamuuliza mdogo wangu Nassor,
anayesomesha Konde na ana kamusi nene kama tofali:
hili kuruta limetoka wapi?
"Kwa Waingereza. Wao waliliokota kwa Wafaransa.
Na chini kabisa, kwenye Kilatini chake,
maana yake kukua tena,
kuchipua pale palipokatwa."
Nikacheka. Jeshi limepunguka, limechipua watu!
Halafu nikamkumbuka yule mzee na sikio lake,
ambalo halikuchipua.

Bamvua lilipofika niliinama, maji kiunoni,
nakata mwani, naacha kipande kwenye tai-tai,
urefu wa kidole, si zaidi.
Wiki sita, kichaka.
Kumbe miaka yote hii nafanya kazi ya neno lile
bila ya kulijua.
Ila mwani hauulizwi.
Ukishafungwa kwenye kamba, umefungwa.

Na mimi nilikuwa nikibisha hodi na kusema:
nimekuja kukuandika.
Meza sina, kofia sina,
lakini sauti ilikuwa ile ile.

Nikarudi upya. Safari hii sikushika kalamu.
Nikaliweka daftari mkekani, limefunguliwa,
kalamu mkono wa kulia,
nikazungumza habari za bei, za mbegu iliyooza mwaka jana,
za mnunuzi anayepunja mizani.
Aliyetaka alijiandika. Mmoja aliandika jina la marehemu mumewe
kwa mazoea, akalikata, akaandika lake.
Wengine dole gumba.
Wengine walikunywa chai yao wakaenda zao, na ni sawa.

Ishirini na tisa.

Bi Time alikuja magharibi imeshaadhiniwa,
bunda la kamba begani, vidole vimechunika kwa chumvi.
Hakukaa.
"Una kalamu ya risasi?"
"Ipo."
Akainama juu ya mstari wa thelathini,
akaandika jina lake, la baba yake, la babu yake,
kila herufi akiipumzisha.
Kisha akanyoosha kiganja.
"Na ufutio."
Nikampa.
Akaufunga kwenye pindo la kanga,
fundo mbili,
akaenda nao.